Kirusi hakizaliani: hunukuu ujumbe wake kwa muhuri wa kuiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie sentensi moja tu, iliyomo katika makala ya hivi karibuni ya gazeti lako kuhusu Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia mifugo na watu. Makala yenyewe niliipenda, na onyo lake la kutogusa kwa mikono mitupu kijusi cha mbuzi aliyetupa mimba lilikuwa sahihi na limekuja wakati wake. Lakini mwandishi alipofika mahali pa kueleza ugonjwa unavyoanza, alisema kwamba kirusi huingia katika seli na kuzaliana humo hadi seli inapopasuka, na baada ya hapo habari ya ndani ya seli haikuguswa tena. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa shule ya sekondari mkoani Dodoma. Neno hilo "kuzaliana" nimepambana nalo darasani kwa miaka mingi, kwa sababu nimeona kwa macho yangu linavyowapeleka watu kwenye dawa isiyofaa.

Mwaka 2007, ugonjwa huu ulipozuka Tanzania na mkoa wetu ukaumia kuliko mingine, jirani yangu mfugaji aliamka asubuhi akakuta majike tisa wametupa mimba kwa usiku mmoja. Nilikuwapo zizini alipokuja na bomba la sindano lenye oksitetrasaiklini, dawa ile ya rangi ya chai kavu ambayo kila mfugaji anaifahamu, akawadunga mmoja baada ya mwingine, huku mwanawe akivikokota vijusi kwa mkono kuvitoa nje. Nilipomuuliza kwa nini ametumia dawa hiyo, alinijibu kwamba ndani ya mbuzi kuna vijidudu vinazaliana, na kazi ya dawa ni kuvizuia visizaliane. Hoja yake ilikuwa imenyooka. Kasoro ilikuwa katika neno alilopewa. Oksitetrasaiklini hung'ang'ania ribosomu za bakteria, yaani vile vijiwanda vidogo vya kutengenezea protini, zikashindwa kufanya kazi, na bakteria wakashindwa kuongezeka. Daktari wa mifugo anaweza kuwa na sababu ya kuitoa pale bakteria wanapomvamia mnyama aliyekwisha kudhoofika. Kirusi, hata hivyo, hakina ribosomu hata moja. Kinatumia za mbuzi.

Kwa hiyo kinachostahili kuelezwa ni namna kirusi kinavyozifanya ribosomu za mbuzi zikubali kukihudumia. Habari hiyo ni ya unukuzi na uchakataji wa RNA, yaani uzi wa herufi za kikemia unaobeba maelekezo ya kutengenezea protini, na naamini inaweza kuelezwa gazetini bila kumchosha msomaji. Neno unukuzi nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu kunukuu ni kuhamisha maandishi kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na ndicho hasa kinachotendeka. Wanafunzi wetu wa sekondari husoma somo hili kwa Kiingereza, wakalikariri neno na kulijibu katika mtihani, kisha wakirudi nyumbani hawana namna ya kumweleza baba yao aliye zizini.

Kirusi hiki kilitambuliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1931 watafiti Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na wanakondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, na jina la bonde likabaki kuwa jina la ugonjwa. Ndani ya ganda la kirusi mna vipande vitatu vya RNA, kikubwa, cha kati na kidogo, ambavyo kwa jumla vina herufi zipatazo 12,000. DNA ya binadamu, maandishi yake ya urithi, ina jozi za herufi zipatazo bilioni tatu. Kitu chenye maandishi machache kiasi hicho hakiwezi kubeba maelekezo ya kila kazi. Kazi nyingi lazima zifanywe na mwenye nyumba, yaani seli.

RNA hiyo ina tabia moja kubwa: haisomeki. Ribosomu inapopokea RNA mjumbe, yaani nakala inayoileta maelekezo ya protini, huanza kusoma pale penye herufi AUG, lakini katika uzi wa kirusi hiki, kwa jeni zake karibu zote, mahali hapo pameandikwa kinyume chake, yaani UAC, na kila herufi inayofuata nayo ni kinyume cha ile inayotakiwa. Wataalamu huiita RNA hasi. Virusi vya polio, vya homa ya manjano na vya UVIKO-19 vina RNA chanya, ambayo ikishaingia ndani ya seli ribosomu huipokea na kuanza kuisoma moja kwa moja. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa hakina njia hiyo. Ukiichukua RNA yake tupu, bila protini zake, ukaitia ndani ya seli, haifanyi lolote, kwa kuwa seli ya mbuzi au ya binadamu haina kimeng'enya, yaani protini mtendakazi, cha kuinukuu. Ndiyo maana kirusi husafiri na kimeng'enya chake mwenyewe, polimerasi inayoitwa L, kikiwa kimefungashwa tayari pamoja na vipande vya RNA. Kirusi kikishavua ganda ndani ya seli, kazi inayofuata ni unukuzi: L hupita juu ya uzi hasi herufi kwa herufi na kutoa nakala chanya inayosomeka.

Lakini kusomeka peke yake hakutoshi, na hapa naomba nitulie kidogo. Seli haisomi kila RNA inayokatiza mbele yake. RNA mjumbe za seli hutengenezwa ndani ya kiini, na kabla ya kuruhusiwa kutoka huchakatwa: mwanzoni huvishwa kofia, ambayo ni herufi G iliyounganishwa kinyumenyume na kuongezewa kikundi cha methili, katikati, sehemu zisizohitajika hukatwa na zinazohitajika huungwa, na mwishoni hushonewa mkia mrefu wa herufi A. Kofia ndiyo inayowezesha ribosomu kuletwa kwenye RNA. RNA isiyo na kofia husomwa kwa shida, huliwa haraka na vimeng'enya vya seli, na huweza hata kuamsha ulinzi wa mwili. Kirusi chetu hufanya shughuli yake nje ya kiini, kwenye saitoplazimu, wala hakina kimeng'enya cha kutengeneza kofia. Basi huiba.

Darasani huwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa barua. Kila mtoto wa kijijini anajua kwamba barua ya utambulisho isiyo na muhuri wa mtendaji wa kijiji haipokelewi ofisini. Huchukua barua ya zamani ambayo muhuri wake umegongwa juu ya karatasi, nikaikata kwa mkasi chini kidogo ya muhuri, kisha nikakibandika kipande hicho juu ya karatasi nyingine yenye maneno mengine kabisa. Ukiitazama kwa karibu utaona, chini ya muhuri, mabaki ya mstari wa kwanza wa barua ya mwenyewe: neno "Ndugu" na nusu ya jina. RNA mjumbe za kirusi hiki ndivyo zilivyo. Protini L hukamata RNA mjumbe ya seli, huikata herufi 10 hadi 18 hivi baada ya kofia, kisha hukitumia kipande kile kuwa mwanzo wa nakala ya jeni ya kirusi. Watafiti waliposoma herufi za nakala hizo walikuta mwanzoni mwake vijipande vinavyotofautiana kati ya nakala moja na nyingine, visivyopatikana popote katika RNA ya kirusi. Ni mabaki ya ujumbe wa seli. Ribosomu inaiona kofia, inaipokea RNA kama ya nyumbani, na inatengeneza protini ya kirusi. Na ile RNA ya seli iliyokatwa kichwa haina kazi tena.

Mbinu hiyo ilifahamika kwanza katika kirusi cha influenza, kutokana na kazi ya Robert Krug na wenzake nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Influenza yenyewe huiba kofia ndani ya kiini, mahali zinapotengenezwa, na polimerasi yake ina sehemu tatu zilizogawana kazi: moja hushika kofia, nyingine hukata, ya tatu huendeleza nakala. Mwishoni hufika mahali penye herufi U chache mfululizo, hukwama, huzirudia na kuzirudia, na kwa kigugumizi hicho hupata mkia wa herufi A bila kuhitaji kimeng'enya cha seli. Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa hakina hata mkia huo; RNA mjumbe zake nyingi huishia tu mahali palipowekewa alama ya kuishia. Nataja influenza kwa sababu ya dawa. Mwaka 2018 Japani na Marekani ziliidhinisha baloksaviri, dawa inayoziba makali ya ile sehemu inayokata kofia. Mtu asiyejua kwamba kirusi kinakata kofia asingeweza hata kuiwazia dawa kama hiyo. Kwa Homa ya Bonde la Ufa hakuna bado dawa mahususi iliyoidhinishwa, lakini L nayo ina mkasi wa namna ile ile, na huko ndiko baadhi ya watafiti wanakoelekeza macho.

Kipande kidogo cha RNA ya kirusi hiki nakiona cha ajabu kuliko vyote, na kila mwaka nikikifundisha hunisisimua upya. Kina jeni mbili zilizoandikwa zikielekeana, moja kutoka upande huu na nyingine kutoka upande ule. Jeni ya kwanza, ya protini inayoitwa N ambayo huifunika na kuilinda RNA ya kirusi, hunukuliwa kutoka katika uzi wa asili. Jeni ya pili, ya protini inayoitwa NSs, haiwezi kunukuliwa hivyo. Lazima kwanza utengenezwe uzi kamili ulio kinyume cha ule wa asili, ndipo NSs inukuliwe kutoka humo. Mtu angetarajia basi kwamba NSs ingechelewa. La hasha. Ndani ya virusi vinavyotoka katika seli moja kwenda nyingine hufungashwa pia baadhi ya nyuzi hizo za kinyume, kwa hiyo unukuzi wa NSs unaweza kuanza mara tu kirusi kinapoingia. Haraka hiyo ina sababu.

NSs ikishatengenezwa huingia katika kiini cha seli, mahali ambapo kirusi chenyewe hakifanyi unukuzi wowote, ikajisokota kuwa nyuzi nene zinazoonekana kwa hadubini. Huko hunasa protini iitwayo p44, ambayo ni kiungo cha mtambo wa TFIIH unaohitajika ili seli ianze kunukuu jeni zake, na pia husababisha kiungo kingine cha mtambo huo huo, p62, kivunjwe. Unukuzi wa seli hushuka. Miongoni mwa RNA ambazo hazitengenezwi tena ni ile ya intaferoni, protini ambayo seli iliyovamiwa huitoa ili kuzitahadharisha jirani zake. Kwa maneno mengine, kirusi hiki hunukuu jeni zake nje ya kiini na wakati huo huo huzima unukuzi wa mwenye nyumba ndani ya kiini. Wanafunzi wenye akili huniuliza papo hapo: kama kinazima unukuzi wa seli, kofia za kuiba kitazitoa wapi? Swali ni la haki. RNA mjumbe zilizokwisha kutoka kwenye kiini haziyeyuki papo hapo. Nyingi hukaa kwa saa kadhaa, na kofia zake zingalipo.

Elimu hiyo imekwisha kuzaa chanjo. Chanjo kongwe ya Smithburn ilitokana na kirusi kilichopatikana katika mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, kikadhoofishwa kwa kupitishwa tena na tena katika ubongo wa panya. Ni chanjo iliyosaidia sana, ila inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Baadaye, katika kirusi kilichopatikana kwa mgonjwa mmoja wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1974, watafiti walitenga aina iliyopewa jina la Kloni 13, ambayo kwa maumbile yake imepungukiwa na karibu 70% ya jeni ya NSs. Aina hiyo inaiba kofia, inanukuu, inatengeneza protini zake nyingine zote, lakini haiwezi kuzima unukuzi wa seli. Intaferoni hutoka na mnyama hushinda. Mwaka 2010 ilisajiliwa nchini Afrika Kusini kuwa chanjo ya mifugo. Mfugaji anayeambiwa kwamba kirusi "huzaliana" hawezi kuelewa kwa nini kirusi kinachoishi na kuongezeka kinaweza kuwa chanjo. Akielezwa habari ya NSs ataelewa kwa dakika tano, na hilo nimelijaribu.

Kuhusu "kupasuka" nitasema kwa ufupi. Virusi vipya vya ugonjwa huu huundwa kwenye vifuko vya mfumo wa Golgi ndani ya seli, vikasafirishwa humo na kutolewa nje kwa njia ile ile ambayo seli hutolea protini zake. Seli za ini hufa kwa wingi, ndiyo, na ndicho kinachoua wanakondoo, lakini kirusi hakingoji seli ipasuke ndipo kitoke.

Naomba pia nikumbushe kwamba habari hii haiko kwa mbuzi peke yao. VVU vina RNA chanya, lakini havifuati njia ya polio wala ya Homa ya Bonde la Ufa: vina kimeng'enya kinachogeuza RNA yao kuwa DNA, na DNA hiyo hupachikwa katika kromosomu ya mtu. Tangu hapo, anayenukuu jeni za kirusi ni polimerasi ya mtu mwenyewe, na kofia na mkia huwekwa na seli kama kwa jeni yoyote ya nyumbani. RNA moja ndefu yenye herufi zipatazo 9,000 hukatwa na kuungwa kwa namna zaidi ya 40, kila namna ikitoa ujumbe wake. Mwanzoni hutoka kwenye kiini zile zilizokatwa kikamilifu tu. Mpaka protini iitwayo Rev ipatikane ndipo RNA nzima, isiyokatwa, inapopata wa kuisindikiza nje ili ikafungashwe katika virusi vipya. Dawa ambazo wagonjwa wetu wengi wanameza kila siku, tenofoviri na lamivudini pamoja na dolutegraviri, huzuia hatua mbili zinazotangulia unukuzi: kugeuza RNA kuwa DNA na kuipachika. Hazigusi DNA iliyokwisha kupachikwa wala hazizuii isinukuliwe. Ndiyo maana mtu ambaye kipimo chake hakionyeshi kirusi hata kimoja anaambiwa asiache dawa. Nimewahi kukaa na mzazi wa mwanafunzi wangu aliyeacha dawa kwa sababu aliamini kwamba virusi vyake vimekwisha kufa vyote na hakuna kilichobaki cha kuzaliana. Neno ni lile lile, safari hii katika mwili wa mtu.

Najua gazeti si kitabu cha shule, na mwandishi wa habari ana mistari michache na saa chache. Simlaumu. Ninachoomba ni sentensi moja iondolewe na nyingine iwekwe mahali pake, na kwa kuwa si haki kulalamika bila kuleta badala, naleta yangu: "Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa hakina uwezo wa kujitengenezea protini, kikiingia ndani ya seli hukata vichwa vya ujumbe wa seli na kuvibandika juu ya ujumbe wake, ili viwanda vya seli vikisomee na kukitengenezea virusi vingine, na kwa sababu viwanda hivyo ni vya mnyama mwenyewe, dawa za bakteria hazikigusi." Inazidi ile ya awali kwa mistari mitatu. Jirani yangu niliyemtaja bado anafuga, na gazeti lako hulisoma dukani kila Jumamosi. Sentensi hiyo ataielewa bila mimi kuwapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Dodoma